Nyota Imesema Bibi Anaishi Peke Yake

Nyumbani kwa Bibi Ilda,
Mtawanya, Mtwara.
Alhamisi, baada ya shule.

Kwa Mjomba Americo Constantino,
Msanifu wa Ghala la Data la Familia,
Likombe.

YAH: KUIPINGA NYOTA YAKO KABLA GARI LA JUMAMOSI HALIJAFIKA

Shikamoo Mjomba.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla sijalalamika naomba kuungama jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: si Mama, si Somoe ninayekaa naye dawati moja, wala Padre kwenye kitubio, ingawa kwa Padre nilifika mpaka mlangoni nikageuka.

Siku ile uliyokuja hapa kwa Bibi na kompyuta yako, ukaketi kwenye kochi ukatuuliza mmoja mmoja anaishi wapi ili utuingize kwenye ghala lako, mimi nilijibu, "Ufukoni, kwa Mama." Wewe ukaandika. Mjomba, ulikuwa uongo. Kila wiki nalala siku nne hapa Mtawanya kwa Bibi na siku tatu Ufukoni kwa Mama, na imekuwa hivyo tangu nikiwa darasa la tano. Wewe ulikuwa masomoni Dodoma, usingeweza kujua. Sasa siku ile Somoe alikuwa pembeni yangu, amekuja kuazima daftari la Biolojia, na shuleni kwetu ikijulikana kwamba unaishi kwa bibi aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma unaitwa Mgeni Rasmi mpaka umalize kidato cha nne. Nikaona haya.

Nimeanza na hilo ili usije ukasema sikuwa mkweli. Sasa naingia kwenye malalamiko, ambayo yote ni juu yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu miaka saba ya kwanza nilisomeshwa kwa Kiswahili, na miaka hii mitatu nasomeshwa kwa Kiingereza, na nimegundua kwamba kwa Kiingereza mimi ni mtoto mpole kupita kiasi. Siwezi kugomba. Nikikasirika kwa Kiingereza naishia kushukuru. Ila cha kusomea kinanitosha. Lile kabrasha lako la kurasa arobaini la namna ya kubuni maghala ya data, ulilolisahau juu ya friji ya Mama, nimelisoma lote mara mbili, mara ya pili nikiwa na kamusi. Kwa hiyo yafuatayo siyasemi kwa kubahatisha.

1. Kuhusu neno ghala. Ulipotangaza kwamba unajenga ghala hukusema la nini. Mtwara hii, Mjomba! Hapa mtu akisema ghala hakuna anayewaza kingine ila korosho. Bibi alifagia ua mzima na kuhamisha banda la kuku. Mzee Sudi wa nyumba ya tatu alileta magunia mawili kwa baiskeli ili awe wa kwanza kupokewa. Ulipomwonyesha kompyuta ukamwambia ghala lenyewe ndilo hili, aliizunguka kwa nyuma kutafuta mlango. Mpaka leo tukikutana njiani ananiuliza kama ghala la mjomba wangu limeshaezekwa, na mimi, kwa kuwa siwezi kubishana na mtu mzima, namjibu kwamba bado bati.

2. Kuhusu nyota. Ghala tungelisamehe. Lililotuumiza ni hili. Kwenye kabrasha nimeelewa vizuri: katikati ya karatasi unaweka kiboksi cha tukio unalotaka kulipima, pembeni unaweka viboksi vya pande za kulitazamia, yaani nani, wapi, lini; kisha unaviunganisha kwa mistari, na mchoro unafanana na nyota. Basi, hakuna zaidi. Lakini wewe Jumapili ulisimama mbele ya kikao cha familia, ukainua karatasi juu, ukasema, "Hii ndiyo nyota ya familia yetu. Na inasema Bibi anaishi peke yake."

Mjomba, huku kwetu nyota haichorwi na mtu mwenye shahada. Huchorwa na mtu mwenye chetezo cha ubani. Kesho yake asubuhi na mapema Bi Mwanaidi jirani alikuja na tarehe ya kuzaliwa ya binti yake, anaomba umwangalizie kama yule mchumba wa Newala atamfaa. Ulimweleza kwamba wewe ni mtaalamu wa mifumo, na ulipoona haelewi ukamalizia kwa Kiingereza, naye akaondoka ameridhika kabisa kwamba amekusikia ukiongea na majini.

Na Bibi je? Bibi aliuliza swali moja tu: "Nyota hiyo imemwuliza nani?" Ukamjibu kwamba imekusanya taarifa kutoka kwa wahusika. Jumatatu akaanza kufunga mzigo. Mwanamke aliyemkatalia mwenyekiti wa mtaa, akamkatalia daktari wa macho, akamkatalia hata marehemu babu kwa miaka mitatu kabla hajamkubali, leo ananyenyekea mbele ya karatasi! Wote mkasema afadhali, nyota imemlainisha. Keshokutwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinakuja kubeba vitu vyake kumpeleka kwako Likombe, na nyumba hii itafungwa kufuli. Yote haya kwa sababu ya mistari mitano na viboksi.

3. Kuhusu punje. Ukurasa wa tisa wa kabrasha unasema kwamba mbunifu, kabla ya yote, aamue punje, yaani kile kidogo kabisa atakachokihesabu, kwa sababu kilicho kidogo kuliko punje hakitaonekana tena. Wewe punje yako ni mwezi. Mtu mmoja, nyumba moja, mwezi mmoja. Kwa punje ya mwezi, nyumba ya Bibi ina mtu mmoja, naye ni Bibi. Ungechagua usiku, ungekuta watu wawili mara nne kwa wiki.

Lakini hata usiku ni punje yenye upendeleo. Mimi nimejaribu punje ya chai. Jumanne, saa moja asubuhi, waliokunywa chai na mihogo ya kuchemsha hapa kwa Bibi ni hawa: Bibi mwenyewe, mimi, Bi Mwanaidi, Mzee Sudi aliyekuja kuulizia ghala, na wewe Mjomba, uliyepita hapa na njaa ukielekea kazini. Watu watano. Saa hiyo hiyo nyumba yako ya Likombe ilikuwa na sifuri. Kwa hiyo kama kanuni ni kwamba nyumba yenye watu wachache ifungwe na mwenyewe ahamishwe, naomba kirikuu Jumamosi kianzie Likombe, kikupakie wewe na kompyuta yako, kikulete hapa. Kitanda cha babu kipo.

4. Kuhusu mzazi mmoja. Umepanga ngazi, ukaweka kanuni kwamba kila kilicho chini kiingie kwenye kimoja tu kilicho juu yake: mtu kwenye nyumba moja, nyumba kwenye mtaa mmoja, mtaa kwenye kata moja, ili asiwepo wa kuhesabiwa mara mbili. Ukatufafanulia: mtoto mmoja, mzazi mmoja, basi. Mama mkubwa Magreth alicheka mpaka akashika ukuta. Katika ukoo wetu mimi nina mama watatu na wote wananichapa. Kwetu mtu mwenye mama mmoja tu anaonewa huruma. Tena kwa desturi za Kimakonde mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo ukinibana nichague mzazi mmoja kihalali, mzazi huyo ni wewe, na ujiandae Jumatano ijayo, maana nimeitiwa mzazi kwa kosa la kusimama kwenye mdahalo dakika nne bila kusema neno.

Njia ya kutokea ipo kwenye kabrasha lako mwenyewe, nayo inaitwa daraja. Mtu akiwa chini ya wawili, unaweka jedwali katikati, unaandika kila upande una fungu gani lake. Ili kukurahisishia kazi nimeshajigawa: nne ya saba Mtawanya, tatu ya saba Ufukoni. Ila tukubaliane mapema kipi kikae wapi. Napendekeza tumbo liwe Mtawanya moja kwa moja, kwa ajili ya mapishi ya Bibi. Miguu iwe Ufukoni, karibu na shule. Kichwa kigawanywe: cha kulalia kiwe huku, cha hesabu kiwe kwa Mama. Mdomo sijui tuuweke wapi, haujawahi kuonekana ukiishi popote.

(Huu mkunjo usiujali. Nilisikia hatua, nikaichomeka karatasi ndani ya atlasi. Kumbe ni kuku.)

5. Kuhusu Nyinginezo. Kwenye jedwali la Watu, safu ya Mahali pa Kuzaliwa, umeweka orodha ya kata za Mtwara peke yake, na mwishoni kabisa umeweka "Nyinginezo". Kwa hiyo ghala lako linatambua kwamba Bibi Ilda, mama yako mzazi, amezaliwa Nyinginezo.

Bibi amezaliwa Mueda, Mjomba. Aliuvuka Ruvuma akiwa na miaka sita, juu ya mabega ya kaka yake, wakati wa vita vya kumtoa Mreno, na anasema alichokiogopa hakikuwa mamba wala askari, ni kwamba kaka yake alikuwa anaimba njia nzima na hajui kuimba. Nyinginezo nimeitafuta kwenye atlasi ukurasa kwa ukurasa. Haina bendera, haina mji mkuu, haipakani na mto wowote. Halafu shuleni waje wajue bibi yangu katokea Nyinginezo? Afadhali hata Mgeni Rasmi.

6. Kuhusu kufuta. Kabrasha linasema mambo yanayobadilika polepole yana namna mbili za kuandikwa. Ama unafuta la zamani na kuandika jipya juu yake, ama unaliacha la zamani na tarehe zake, kisha chini yake unaongeza mstari mpya. Wewe umechagua kufuta, kwa kuwa ni kwepesi. Maana yake Jumamosi kirikuu kikishaondoka utabonyeza kitufe kimoja, Bibi atakuwa wa Likombe, na ghala litaamini amekuwa wa Likombe siku zote. Hakuna atakayeiona miaka arobaini na mitatu aliyokaa kwenye nyumba ambayo udongo wake aliukandika kwa viganja vyake. Na hakuna kitu ghalani humo kinachobadilika polepole kama Bibi. Redio yake mpaka leo iko kwenye stesheni aliyoiacha babu, na stesheni yenyewe ilishafungwa. Anasikiliza mkwaruzo. Anasema mkwaruzo huo ndio ule ule.

7. Hili nililiandika, nikalifuta, nimelirudisha. Ni juu ya Mama. Aliisoma ripoti yako, akaona imeandikwa kwamba mimi niko kwake siku thelathini kwa mwezi. Anajua si kweli, siku nyingine chakula anachoniwekea kinalala jikoni. Hakukanusha. Aliibandika kwenye friji kwa sumaku. Kwa hili sijui nimlalamikie nani.

8. Kuhusu nani aulizwe. Ukurasa wa kwanza kabisa, Mjomba, kabla ya nyota na kabla ya ngazi, unasema mchoro wa dhana huchorwa kwanza, kwa maneno ya wenye habari zao, ili hata asiyejua kompyuta aweze kuutazama na kusema, "Hapana, sisi hatuko hivyo," kabla halijajengwa lolote. Ulimwuliza Mama, ukamwuliza mama mkubwa, ukaniuliza mimi. Mwenye nyumba hukumwuliza. Alikuwa anakupikia.

Kutokana na hayo yote naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi. Nyota ichanwe mbele ya mashahidi wasiopungua watano. Nashauri iwe wakati wa chai. Umwambie Bibi kwa mdomo wako kwamba nyota hiyo haina nguvu juu ya mtu, ni mistari tu, na aliyeichora hata ubani hana. Kirikuu kirudishwe kilikotoka.

Ukikataa, nitalazimika kukuchora na wewe. Nimeshaanza. Katikati nimeweka tukio, nalo ni Mjomba Kuja Kumtazama Mama Yake. Pembeni nimeweka siku, saa na sababu. Punje yangu ni ziara moja moja, sijaficha kitu. Kwa miezi mitatu tangu urudi, ziara ni kumi na moja. Kwenye upande wa sababu, "njaa" imejitokeza mara tisa, "kompyuta" mara moja, na "kikao cha kumhamisha" mara moja. Sababu nyingine hazikupatikana. Nikiisoma hiyo nyota kwa namna unavyoisoma yako, inasema Bibi hana mtoto wa kiume, ana mteja. Sisemi mimi. Nyota imesema.

Natumaini utalipokea hili kwa moyo wa kitaalamu. Nisalimie wote kwa ngazi zao: walio nyumbani kwako, walio mtaani kwako, na kata nzima ya Likombe kwa jumla yake, ila usiwasalimie mara mbili. Msalimie na Petro wa ofisini kwenu aliyekusaidia kupaka nyota rangi ya bluu, kwa kweli ilipendeza.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Dalila,
mstari wa sita, jedwali la Watu.

Nyongeza:

Mjomba, nilikuwa naandika jina langu hapo juu nikasikia hatua zinakuja mlangoni, na safari hii hawakuwa kuku. Zilikuwa kandambili za Bibi, moja inaburuta. Atlasi ilikuwa hapa hapa, imefunguka. Sikuificha karatasi. Sijui ilikuwa ujasiri au nilichoka tu kukunja.

Bibi hajui kusoma Kiswahili, akaniambia nimsomee. Nikamsomea yote, tangu kuungama mpaka kwa Petro. Kwenye ile njaa ya mara tisa alicheka, akasema nimekosea, ni mara kumi, kuna siku moja mimi nilikuwa shuleni. Nilipomaliza akaokota uzi kwenye kitenge chake. Halafu akasema, "Nyota mimi nazijua, mjukuu wangu. Ile ni karatasi ya Americo. Mtu hafungi mzigo kwa sababu ya karatasi."

Nikamwuliza basi ni kwa sababu gani.

"Nilikuwa hapo jikoni. Ukasema Ufukoni. Halafu ukasema, huku napita tu."

Hilo la pili sikukuandikia hapo juu, Mjomba. Nililisema. Somoe alikuwa ananitazama, nikaliongeza ili la kwanza lishike. Wewe hukuliandika kwa sababu halikuwa na safu. Bibi akasema hakukasirika, ila alijiona hana tena wa kumngoja, na mtu asiye na wa kumngoja anaweza kukaa popote, hata Likombe.

Kwa hiyo madai yangu, namba moja mpaka namba nane, nayafuta. Nyota yako haikumfanya Bibi lolote, iliandika kile nilichoiambia. Usiichane. Badilisha mstari wa sita tu, na usifute cha zamani: kiache na tarehe yake kionekane, kisha chini yake andika Mtawanya. Mama nitamwambia mwenyewe kesho, kwa mdomo. Somoe pia, Jumatatu.

Kuhusu kirikuu sina la kukueleza. Bibi hajasema atapanda au hatapanda, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Ila amekwenda chumbani, namsikia anahangaika na kamba za mzigo. Sasa hivi amerudi, ameniwekea hapa mezani juu ya barua kitu cha kwanza alichokitoa mzigoni, ndiyo maana mwandiko umeenda upande. Ni shuka langu la kubadilishia, ninalotandika nikilala hapa. Alikuwa amelikunja ndani ya kitenge chake cha kanisani.